Ufuatiliaji wa mafua ya ndege: uanzie bandani, ziwani au sokoni?

Januari 2017, kwenye ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, buabua wenye mabawa meupe walikutwa wamekufa kwa wingi ufukweni mwa Ziwa Viktoria. Haikuchukua muda, bata na kuku wa watu nao wakawa wanakufa wilayani Masaka. Maabara ikathibitisha kuwa ni mafua ya ndege, virusi vya H5N8, aina kali. Kenya ikazuia kuku na mayai kutoka Uganda, na biashara ya mpakani ikayumba.

Ugonjwa ule ulijitangaza kwa mizoga. Ndege walikufa wengi kwa pamoja, watu wakaona, wakasema, na waliposema palikuwa na ofisi ya kwenda kuchukua sampuli. Nalitanguliza hilo kwa sababu vikao vya kupanga bajeti ya ufuatiliaji vina tabia ya kukimbilia mambo makubwa: nyavu za kunasia ndege wa porini, mashine za kupimia, safari za visiwani. Bajeti yenyewe huwa inatosha mafuta ya gari moja kwa miezi mitatu. Sasa uanzie wapi?

Njia zipo kadhaa, na kila moja ina mahali inapofaa. Nitazilinganisha kwa kufuata makundi matatu ya ndege, yaani wanaofugwa, wa porini na walio kifungoni (bustani za wanyama, vituo vya kutibu ndege, wafugaji wa kasuku au tai). Maoni yangu sitayaficha.

Kwanza, makundi haya hayalingani mbele ya sheria

Wengi hudhani kisa cha mafua ya ndege ni kisa tu, popote kilipoonekana. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, linatofautisha. Aina kali ikithibitishwa, nchi inatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24, awe ni kuku, buabua au mbuni wa bustani. Lakini ndege wa porini au wa kifungoni kukutwa na virusi hakuiondolei nchi hadhi ya kuwa huru na ugonjwa kwa upande wa kuku wa biashara, na nchi nyingine hazitakiwi kutumia taarifa hiyo kama sababu ya kufunga soko. Virusi vikiingia kwenye kuku wa biashara, hadhi hiyo inaondoka. Kuirudisha kunataka kuua kundi, kusafisha, kisha kusubiri siku zisizopungua 28 huku ufuatiliaji ukiendelea.

Kuna mwanya mmoja unaostahili kutazamwa kwa makini. Ndege wanaofugwa kwenye kaya moja, wakaliwa humohumo na wasikutane na ndege wa biashara, hawahesabiwi katika kundi la kibiashara. Mwanya huo ukiusomea Ulaya unaleta maana. Kuku wetu wa kienyeji hapiti hapo: asubuhi anachakura kwa jirani, Jumamosi yuko gulioni, Jumapili yuko kwenye tenga juu ya basi. Kwa hiyo ukipanga ufuatiliaji, mweke upande wa biashara, hata kama mwenye kuku anasema ana kuku sita tu wa kitoweo.

Sheria ni moja, woga wa mpakani ni mwingine. Mwishoni mwa Oktoba 2017 serikali ya Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga, na kuzuia mafua ya ndege kulitajwa miongoni mwa sababu. Nchi isiyo na takwimu zake za ufuatiliaji haina cha kuweka mezani siku kama hiyo.

Njia ya kwanza: kufuatilia vifo

Hii ndiyo njia ya wanyonge, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Unasubiri taarifa ya ndege wanaougua au kufa, unakwenda, unachukua sampuli. Kwa aina kali ya virusi inafanya kazi vizuri mno kwa kuku, kwa sababu kuku hafichi: banda zima laweza kuisha ndani ya siku chache.

Tatizo lake kubwa kwetu linaitwa mdondo, au kideri. Kuku anazubaa, anapumua kwa shida, anaharisha kijani, shingo inapinda, anakufa. Mafua makali ya ndege yanaweza kufanana na hayo tangu mwanzo hadi mwisho, na hakuna mtaalamu anayeweza kuapa kwa macho matupu kwamba huu ni huu na ule ni ule. Mdondo unapiga vijiji kila mwaka, hasa kiangazi, na mfugaji ameshauzoea. Kuku wakifa anasema "ni mdondo", anachinja waliobaki, maisha yanaendelea. Taarifa haitoki.

Ndiyo maana nasema chanjo ya mdondo ni sehemu ya ufuatiliaji wa mafua ya ndege, ingawa haizuii mafua hayo hata kidogo. Kijiji kinachotumia chanjo ya matone ya jicho ya I-2 kila miezi mitatu au minne, kikianza kupoteza kuku kwa makumi, vifo hivyo vinapiga kelele. Kijiji kisichochanja, kelele hiyo inazama kwenye kelele za kila mwaka. Ukinipa shilingi milioni moja nichague kati ya vipimo vya haraka na chanjo ya mdondo, nitanunua chanjo.

Kwenye mabanda ya biashara unaweza kuweka vigezo vya namba. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa vigezo ambavyo hadi leo ni mwongozo mzuri: chakula na maji vikipungua kwa zaidi ya asilimia 20, mayai yakipungua kwa zaidi ya asilimia 5 kwa zaidi ya siku mbili, au vifo vikizidi asilimia 3 kwa wiki, daktari aitwe. Chukua banda la kuku 1,000 wanaotaga mayai 800 kwa siku. Ukikusanya chini ya 760 siku tatu mfululizo, au ukizika zaidi ya 30 ndani ya wiki, usingoje. Daftari la shilingi mia tano linatosha kuyaona haya, ilimradi mtu aandike kila siku, na aandike na maji. Maji ndiyo hutangulia kushuka.

Kwa kuku wa kienyeji asilimia hazisaidii. Huko napendelea kigezo ambacho balozi wa nyumba kumi atakikumbuka bila karatasi: vifo vya ghafla kwenye kaya mbili jirani ndani ya wiki moja, piga simu.

Kwa ndege wa porini njia hii ina vikwazo vya aina nyingine. Mzoga ufukweni haukai. Mbwa, fisi na ndege wala mizoga wanaupitia kabla ya mtu, na jua la mchana linauharibu kwa saa chache. Halafu ndege wa porini wanakufa kwa mambo mengi. Flamingo wa Nakuru na Bogoria wamewahi kufa kwa maelfu, na watafiti wakataja sumu za mwani na magonjwa ya bakteria. Kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, ndege wameuawa kwa miaka mingi kwa kutegewa chambo chenye Furadan, sumu ya kuua wadudu. Anayeona mizoga ziwani na kutangaza mafua ya ndege kabla ya maabara anaweza kuua soko la kuku la mkoa mzima kwa kosa la mtu aliyetega sumu.

Hata hivyo mzoga mbichi wa ndege wa majini ni hazina. Virusi vya H5N1 vilivyosambaa duniani tangu 2021 hushambulia sana ubongo. Kwa hiyo maabara yenye uwezo huomba sampuli ya ubongo pamoja na ya koo na ya tundu la haja. Mizoga mitano mibichi inaweza kukuambia zaidi ya ndege mia walio hai.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni bata. Baadhi ya virusi vikali humpita bata bila kumtikisa: anakula, anaogelea, na anaendelea kuvimwaga majini. Ukisubiri afe, utasubiri sana. Vivyo hivyo kwa aina hafifu kama H9N2, ambayo imetambuliwa kwa kuku wa Kenya na Uganda. Hiyo inashusha mayai na kuleta kikohozi, lakini haiangushi banda.

Njia ya pili: kunasa ndege hai wa porini

Njia hii ina mvuto. Picha zake zinapendeza kwenye ripoti, na wafadhili wanaipenda. Mapema 2006, H5N1 ilipoingia Afrika kupitia Nigeria, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, na washirika wake walipima maelfu ya ndege wa majini katika nchi nyingi za bara hili. Virusi hafifu vilipatikana. H5N1 kali haikuonekana kwa ndege wale, wakati huohuo ikiendelea kuua kuku mabandani.

Sababu yake ni ya hesabu. Ukitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba utamkuta angalau ndege mmoja mwenye virusi kwenye kundi kubwa, idadi ya kupima inategemea ni wangapi wameambukizwa. Wakiwa kumi katika mia, pima 29. Wakiwa watano katika mia, pima 59. Akiwa mmoja katika mia, unahitaji 299, na hapo tumechukulia kwamba kipimo hakikosei na ndege wamechaguliwa bila upendeleo, jambo ambalo wavu hauwezi kukuahidi. Kwa ndege wa porini wasio na dalili, hali ya mmoja katika mia au pungufu ni ya kawaida. Ndege 299 wa aina moja, ziwa moja, msimu mmoja: aliyewahi kukesha kwenye wavu anajua maana yake.

Inafaa lini basi? Inafaa kwa utafiti: kujua ni virusi gani vinazunguka, vinafanana na vya wapi, na wahamiaji wanaokuja kwetu kati ya Septemba na Aprili wanapitia wapi. Buabua wa Lutembe huzaliana Ulaya Mashariki na Asia, hivyo kinachotokea huko kinatuhusu. Lakini hiyo ni kazi ya vyuo vikuu, makumbusho na watu wa kuvisha ndege pete, na halmashauri inaweza kushirikiana nao bila kuibeba peke yake. Kama njia ya kutoa tahadhari ya mapema, naiweka mwisho.

Dada yake ni kuokota kinyesi kibichi mahali ndege wanapolala. Ni rahisi, ndege hasumbuliwi, kibali hakina mlolongo mrefu. Ila hujui kinyesi ni cha nani pakiwa na aina tano za ndege, jua linaua virusi haraka, na aina kali za miaka ya karibuni hutoka kwa wingi kooni kuliko kwenye kinyesi. Okota alfajiri au usiokote kabisa.

Wapo waliojaribu kuweka bata walinzi: bata wasio na ugonjwa wanafugwa kwenye uzio ndani ya ziwa, wakichanganyika na wa porini, na wanapimwa mara kwa mara. Kati ya 2006 na 2009 ilifanyika kwenye Ziwa Constance, mpakani mwa Ujerumani, Uswisi na Austria, na ilileta matokeo. Kwenye fukwe zetu naogopa bata mlinzi atakuwa mchuzi kabla ya sampuli ya pili.

Njia ya tatu: soko la kuku hai

Hapa ndipo ningependa pesa nyingi zaidi ziende baada ya vifo. Simama Shekilango jijini Dar es Salaam alfajiri, au Burma Nairobi, au Kalerwe Kampala. Kuku waliotoka wilaya nyingi wamebanana kwenye tenga moja, bata juu yao, njiwa pembeni, mashine ya kunyonyoa inazunguka, maji machafu yanatiririka kwenye mfereji mmoja. Kwa virusi ni mahali pa kukutana, kwa hiyo na kwa anayevitafuta ni mahali pa kuvivizia.

Sifa ya soko ni kwamba linakukusanyia ndege. Kijijini ungetembea siku nzima upate kaya kumi. Sokoni unapata kuku wa wilaya kumi kabla ya chai. Soko pia linaona kile ambacho njia ya vifo haikioni: kuku na bata wanaobeba virusi bila kufa.

Kasoro zake ni mbili na zinauma. Ya kwanza, ukipata virusi hujui vimetoka wapi. Mchuuzi amenunua kwa dalali, dalali kwa mwingine, na kuku wameshalala na wageni usiku mbili. Ya pili ni hofu. Mwenye kizimba akiona watu wamevaa makoti meupe na kushika kuku wake mbele ya wateja, siku hiyo hauzi, na kesho ukija utamkuta hana kuku wa kupima. Wagonjwa watakuwa wameshauzwa kwa bei ya kutupa mtaa wa pili.

Dawa ya hofu hiyo ninayoipenda ni kupima mazingira na kumwacha kuku. Sugua sakafu ya tenga, ubao wa kuchinjia, mashine ya kunyonyoa, chombo cha maji ya kunywesha, mdomo wa mfereji. Hakuna kuku anayekamatwa, hakuna mteja anayekimbia, na maabara inapata cha kutosha kujibu swali la kwanza: virusi vimo sokoni humu au havimo? Jibu likiwa ndiyo, ndipo urudi kwa ndege mmoja mmoja. Kaa na uongozi wa soko kabla, mkubaliane matokeo yatatangazwa na nani na nini kitafuata. Panga mzunguko uwe mzito wiki mbili kabla ya Krismasi na Idd, mizigo inapofurika.

Hong Kong ilijifunza umuhimu wa masoko kwa gharama. Mwaka 1997 H5N1 iliwapata watu 18, sita wakafa, na kuku zaidi ya milioni moja wakauawa. Baadaye wakaweka siku za kupumzisha masoko na kuyasafisha kuanzia 2001, na mwaka 2008 wakapiga marufuku kulaza kuku hai sokoni. Siku ya usafi inawezekana hata kwenye soko la wilaya, na ukisugua mazingira kabla na baada ya usafi huo utapata kipimo cha bure cha kama unasaidia.

Kwa wanaotaka kuona yote kwa pamoja:

| Njia | Inachoona vizuri | Inachokosa | Gharama |
|---|---|---|---|
| Vifo vya kuku | Aina kali, mapema | Aina hafifu. Bata wasiougua | Ndogo, kama simu inapokelewa |
| Mizoga ya porini | Kuingia kwa aina kali mpya | Mizoga inayooza au kuliwa | Ndogo hadi ya kati |
| Ndege hai wa porini | Aina za virusi zinazozunguka | Maambukizi machache | Kubwa |
| Kinyesi | Uwepo wa virusi kwenye kundi | Aina ya ndege. Virusi vya kooni | Ndogo |
| Mazingira ya soko | Aina kali na hafifu | Chanzo cha virusi | Ya kati |
| Bata wa vijiji vya ziwani | Wabebaji wasio na dalili | Kuku wa mbali na maji | Ya kati |

Vipimo: PCR, cha haraka, au damu?

Hapa watu hupoteza pesa bila kujua. PCR inatafuta chembe za urithi za virusi. Maabara kwanza inauliza kama kuna virusi vyovyote vya mafua aina A, kisha kama ni H5, H7 au H9. Ni kipimo kikali, na kinaruhusu kuchanganya sampuli tano za ndege wa aina moja kwenye chupa moja. Ndege 300 wanakuwa vipimo 60, na hapo bajeti inaanza kupumua. Temeke, Kabete na Entebbe ndiko sampuli za Tanzania, Kenya na Uganda huelekea, na pakihitajika uthibitisho wa kimataifa zipo maabara rejea kama Weybridge nchini Uingereza na Padova nchini Italia.

Kipimo cha haraka, kile cha kijikadi chenye mistari, kinatoa jibu ndani ya robo saa. Kinahitaji virusi vingi, kwa hiyo kitumie kwa kuku aliyekufa sasa hivi au anayekata roho. Kikisema vipo, chukua hatua za awali huku sampuli ikienda maabara. Kikisema havipo, hakijakuambia kitu. Kumpima bata mzima kwa kadi hiyo na kutangaza eneo ni salama ni kujidanganya kwa risiti.

Damu inapimwa kutafuta kingamwili, yaani alama kwamba ndege aliwahi kukutana na virusi. Kwa kuku na aina kali haifai sana, maana kuku hufa kabla kingamwili hazijajengeka. Kwa bata na kwa H9N2 ni nzuri na ni rahisi, kwa sababu alama hukaa muda mrefu baada ya virusi kuondoka. Kama kuna chanjo ya mafua ya ndege inayotumika eneo lako, iwe rasmi au ya magendo, damu itakuchanganya usipoijua historia ya banda.

Na safari ya sampuli ni sehemu ya kipimo. Kijiti kiingie kwenye chupa yenye maji maalumu ya kutunzia virusi, chupa iingie kwenye kisanduku cha barafu, ifike maabara ndani ya siku mbili hivi ikiwa kwenye nyuzi 4. Ikichelewa inahitaji friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya dukani inayogandisha na kuyeyusha kila umeme unapokatika inaharibu sampuli polepole, na jibu la "hakuna virusi" linalotoka hapo ni la friza.

Tahadhari kwa mchukuaji sina haja ya kuirefusha: barakoa, miwani, glavu, sabuni. Kati ya watu waliothibitishwa kuugua H5N1 duniani tangu 2003, karibu nusu walikufa. Watoto wasitumwe kuokota mizoga.

Walio kifungoni ni hesabu nyingine kabisa

Bustani ya wanyama haina tatizo la kutafuta ndege. Kila ndege anajulikana, mara nyingi kwa jina, na mtunzaji anamwona kila asubuhi. Hesabu za 29 na 299 hazina maana pale ambapo tai wako wanne. Kinachofaa ni kumtazama kila ndege kila siku, kupima kila anayekufa bila kujali umri wala sababu inayodhaniwa, na kuwalinda kwenye milango mitatu ambayo virusi hupitia: ndege mpya, bwawa na chakula.

Ndege mpya ndiye hatari zaidi. Oktoba 2004, kwenye uwanja wa ndege wa Brussels, abiria kutoka Thailand alikamatwa na tai wawili wadogo aliowaficha kwenye mizigo ya mkononi. Walikuwa hawaonyeshi dalili. Walipopimwa walikutwa na H5N1. Kwa hiyo karantini ya siku 30, mbali na wengine, na mtunzaji wake tofauti, pamoja na PCR ya koo na tundu la haja mwanzoni na mwishoni. Vituo vinavyopokea ndege majeruhi viwe vikali zaidi, kwa sababu ndege aliyeokotwa akiyumba anaweza kuwa amegongwa na waya, na anaweza kuwa na virusi kwenye ubongo. Afrika Kusini mwaka 2018 pengwini wa pwani walikufa kwa H5N8, na kituo kinachookoa ndege wa bahari lazima kimchukulie kila mgeni kama mshukiwa mpaka maabara iseme.

Bwawa la wazi linaita bata wa porini. Wavu juu yake ni ufuatiliaji na kinga kwa wakati mmoja. Chakula ndicho husahaulika: mwaka 2004 huko Sriracha, Thailand, tiger zaidi ya 140 walikufa au kuuawa baada ya kulishwa kuku wabichi wenye virusi. Anayelisha tai au chui vifaranga na vichwa vya kuku kutoka machinjioni anapaswa kujua machinjio hayo yanapata kuku wapi, na kuacha kabisa kunapokuwa na vifo visivyoelezeka wilayani.

Kwa kundi hili, na hili tu, chanjo ya mafua ya ndege inaweza kuwa swali la haki hata nchi isipochanja kuku. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza kondori 21 wa California kwa H5N1, pigo kubwa kwa ndege ambaye idadi yake porini ni ya mamia tu, ikaruhusu chanjo ya dharura kwao. Ndege wa kifungoni aliyechanjwa lazima awe na pete na rekodi, vinginevyo damu yake itamsumbua mtu mwingine miaka mitatu baadaye.

Uchague nini, kulingana na ulivyo

Una kuku ishirini nyumbani: usinunue kipimo chochote. Chanja mdondo, usichanganye kuku mpya na wa zamani kabla ya wiki mbili, na uwe na namba ya bwana mifugo kwenye simu.

Una banda la kutagisha: daftari, maji kila siku, vigezo vile vitatu ukutani. Bata wasiwepo kwenye uwanja huo.

Unasimamia hifadhi au eneo la ardhi oevu: unganisha kazi na hesabu ya ndege wa majini ya kila Januari, fundisha askari kupiga picha mizoga, kuandika aina na idadi, na kutoigusa. Programu za simu kama AfyaData, iliyoundwa na SACIDS, taasisi ya kufuatilia magonjwa ya kuambukiza, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, au KABS kwa Kenya, zinafaa hapa. Ndege hai waachie watafiti.

Uko halmashauri ya kando ya ziwa, gari moja, bajeti ya kubana: nusu ya pesa iwe ya kufuata taarifa za vifo ndani ya saa 24, kuku na mizoga ya porini kwa pamoja. Robo iende kwenye mazingira ya soko kubwa la wilaya, mara moja kwa mwezi, mara mbili kuelekea sikukuu. Robo iliyobaki ipime bata wa vijiji vya ufukweni kati ya Oktoba na Aprili, 59 kwa kila mzunguko, PCR kwa mafungu ya tano na damu kidogo. Ndege wa porini walio hai, sifuri.

Pesa ya fidia isipokuwepo, mpango huu utavuja, maana mfugaji anayejua kundi lake litauawa bure atauza kabla ya kupiga simu. Halmashauri haiwezi kuimaliza shida hiyo peke yake. Inaweza angalau kurudisha majibu: kila aliyetoa sampuli aambiwe imepatikana nini, hata kama ni mdondo tu, na aambiwe ndani ya wiki. Asiyejibiwa mara mbili hapigi simu ya tatu.

Na kabla hujanunua hata kijiti kimoja, ipigie maabara uliyoikusudia, uwaulize kama wana vitendanishi vya H5, H7 na H9 kwa miezi ile unayopanga kuchukua sampuli, wanapokea siku zipi, na nani atafungua kisanduku kikifika Ijumaa jioni.